Kuondoa masizi kwenye throto ya IST nyumbani

Gari likitetemeka ukiwa kwenye foleni ya Buguruni, likizima ukiachia mafuta ghafla, au sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) ikipanda na kushuka yenyewe, usikimbilie kununua pampu ya mafuta. Anza na throto, ule mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini. Mimi natumia IST yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1500, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye baadhi ya Vitz na Probox. Dalili hizo zikianza, Jumamosi asubuhi nafungua boneti.

Uchafu huo unatokana zaidi na mvuke wa oili. Injini inapumua, na mvuke wake unarudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe. Ukikutana na vumbi lililoponyoka filta, vinagandana kwenye kipepeo cha throto, kile kibamba cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Sasa gari likiwa sailensa, hewa inapita kwenye upenyo mwembamba sana pembeni ya kipepeo, kwa hiyo hata utando mdogo unatosha kulibana pumzi. Safari fupi na foleni za Dar ndizo zinazolea uchafu huu.

Tafuta kopo la dawa ya kupuliza lililoandikwa kwamba ni la throto, fulana kuukuu ya pamba, mswaki mlaini, bisibisi ya nyota, spana namba 10, glavu na miwani. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na mvuta sigara. Dawa hiyo inashika moto haraka kuliko unavyodhani.

Injini iwe baridi, funguo ziwe mfukoni. Wengi watakwambia utoe betri kwanza. Mimi kwa kazi hii siitoi, kwa sababu redio nyingi zilizokuja na magari haya kutoka Japani zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri ya kuzifungua, inayoitwa ERC, halafu unaanza kumtafuta mtu wa kuifungua.

Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Chomoa soketi ya sensa ya hewa, legeza klampu, vuta mpira mkubwa unaotoka kwenye filta. Ile sensa usiiguse kwa kidole wala kuipulizia dawa hii. Ina waya mwembamba sana, na ina dawa yake peke yake.

Kipepeo utakiona, na mara nyingi kina duara jeusi kama tako la sufuria ya kuni. Pulizia dawa kwenye kitambaa, siyo ndani ya injini, kisha futa. Mahali pa kutulia ni ukingoni, pale kipepeo kinapogusana na ukuta. Fulana itatoka nyeusi, ikunje upande mwingine, itatoka kahawia, endelea mpaka itoke na rangi yake. Kisu na msasa viache jikoni na kwa seremala. Ukikwaruza hapo, hewa itavuja siku zote.

Kama throto yako ni ya kebo, kigeuze kipepeo kwa mkono ufute na nyuma. Kama ni ya umeme, usikilazimishe, kuna gia ndogo ndani. Futa unapofikia. Uchafu wa nyuma ukiwa mnene, throto inabidi ishushwe, na kwa kuwa maji ya rejeta yanapita humo, hiyo kazi mimi namwachia fundi.

Rudisha kila kitu, subiri dawa ikauke, kisha washa. Linaweza kusumbua kuwaka, likatoa moshi na harufu kidogo. Sailensa inaweza kuwa juu mwanzoni, liendeshe kidogo kwanza. Isiposhuka, kagua kama mpira umekaa sawasawa. Ile skrubu ya kuzuia kipepeo usiizungushe hata fundi wa kijiweni akikushauri.

Ukiwa hapohapo, toa plagi, zile za kutoa cheche kwenye silinda. Nyeusi na kavu, angalia filta ya hewa na mfumo wa mafuta. Ikilowa oili, injini inakula oili, na hakuna kopo la kutibu hilo.

Masizi ya ndani kwenye pistoni hupunguzwa na dawa ya kuchanganya na petroli. Tafuta iliyoandikwa PEA, kemikali ya kusafisha masizi, na ufuate kipimo cha kopo. Kuhusu kumimina maji kwenye njia ya hewa injini ikiunguruma, kuna watu wanaapa inasafisha. Maji hayabaniki. Yakijaa kwenye silinda, koni rodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, inapinda, na hapo unaongelea injini nyingine.

Wenye Noah za D-4, injini ya 1AZ-FSE, hapa tunaachana kidogo. Petroli yenu inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, kwa hiyo dawa ya kwenye tangi haizifikii. Throto safisheni kama mimi, lakini vali zikijaa masizi ni kushusha manifodi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda) na kuzisafisha moja moja.