Kadi ya kompyuta au king'amuzi? Pitia hatua hizi kabla hujatoa hela

Karibu kila wiki napata simu ya namna moja, iwe ni kutoka Sakina na Njiro za Arusha au kule Moshi Majengo: "Fundi, nasikia kuna kadi unaweka kwenye kompyuta inashika dishi. Nikinunua hiyo si naachana na king'amuzi?" Nimefunga vyote viwili, na nimewahi pia kumfungulia mtu kadi aliyoinunua kwa hela nyingi akaja kugundua haimfai. Nisingependa nawe yakukute hayo. Hizi ndizo hatua ninazompitisha mteja.

Tuelewane kwanza neno lenyewe. Mtaani ukisema "kadi", wengi wanafikiria ile ya plastiki inayoingia kwenye king'amuzi cha kulipia. Mimi hapa nazungumzia kadi ya kupokelea: kibao cha kielektroniki kinachokaa ndani ya kompyuta, chenye tundu la kukazia waya wa dishi. Kadi inashika mawimbi, kompyuta inatengeneza picha. King'amuzi kinafanya kazi zote mbili chenyewe.

Hatua ya 1: Andika chaneli unazozitaka, kwa majina

Chukua karatasi, ziandike. Kisha uliza kila moja: ni ya bure au imefungwa? Hapa ndipo theluthi mbili ya wateja wangu wanamaliza safari. Kama mpira unaoufuata uko Azam au DStv, nunua king'amuzi cha kampuni hiyo na usisome zaidi. Zipo kadi za kompyuta zenye nafasi ya kuingizia moduli ya kufungulia chaneli, lakini kwa kawaida kampuni za kulipia hufunga kadi yao ya plastiki na king'amuzi chake, huwezi kuihamisha ukaitumia kwingine. Atakayekuambia ana programu ya kuzifungua bila malipo anakuuzia wizi. Mimi kazi hiyo siifanyi.

Zilizobaki kwenye karatasi zikiwa ni za bure, yaani chaneli za dini, habari za kimataifa na kadhalika, basi kadi inaingia kwenye mazungumzo.

Hatua ya 2: Tazama dishi na anga lako

Dishi, LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi kushika mawimbi, wengi mtaani tunakiita LMB) na waya ni vilevile, uwe na kadi au king'amuzi. Kwa hiyo usitegemee kadi ikuponye dishi bovu.

Mzee mmoja wa Kibosho aliambiwa kwamba Kilimanjaro inamzibia, akakata tamaa kabisa. Nilimweleza hivi: setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, na sisi tuko nyuzi 3 na ushei tu kusini yake. Setilaiti ya Azam iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki na sisi tuko karibu 37, hivyo kutoka Arusha au Moshi dishi linatazama magharibi, likipinda kidogo kaskazini, kwa mwinuko wa nyuzi kama 55. Ya DStv iliyoko nyuzi 36 iko karibu utosini kwetu, mwinuko unafika nyuzi 86 hivi. Ile ya nyuzi 68.5 mashariki, yenye chaneli kadhaa za bure, unaitafuta upande wa mashariki kwa nyuzi kama 53. Mlima hauko njiani. Kilichokuwa njiani kwa yule mzee ni mgrevilia wa jirani. Walipoelewana ukapunguzwa matawi, picha ikaja siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme

King'amuzi cha kawaida kinakula wati 10 hadi 15. Kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kufika 90 kwa urahisi. Ukitazama saa 5 kwa siku, mwezi mzima kompyuta imekula uniti 13 na nusu, king'amuzi hakijafika hata 2.5. Aliyeko kwenye lile kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi, hizo 13 atazisikia.

Halafu kuna kukatika. Umeme ukirudi, king'amuzi kinawaka na kukurudisha kwenye chaneli yako. Kompyuta inabidi uiwashe, isubiri, ufungue programu. Na ikizimwa ghafla mara kwa mara, diski inaweza kuharibika. Anayetumia sola ndogo sitamshauri kadi hata kidogo.

Hatua ya 4: Kagua kompyuta yenyewe

Fungua kasha utazame nafasi zilizo wazi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Kadi za zamani ni za PCI, za sasa ni PCI Express, na haziingiliani. Kwenye maandishi ya kadi tafuta DVB-S2. Hicho ni kiwango cha kurushia matangazo ya setilaiti, cha mwaka 2005. Kadi ya mtumba iliyoandikwa DVB-S tu itakuacha nje ya chaneli nyingi za HD. Hakikisha pia ina dreiva (programu ya kuiendesha kadi) ya Windows au Linux unayotumia, kabla ya kulipa, si baada.

Mwenye laptopu atahitaji kipokezi cha nje cha USB. Hicho lazima kije na adapta yake ya umeme, kwa sababu LNB inaendeshwa kwa volti 13 au 18 na tundu la USB linatoa volti 5. Ukiuziwa bila adapta, rudisha.

Hatua ya 5: Jiulize kama unataka kurekodi au kugawa

Hapa ndipo naipenda kadi kwa moyo wote. Chaneli husafiri kwa mafungu, transponda moja (kirushio kimoja cha kwenye setilaiti) inabeba kadhaa. Kadi ikishika transponda inalipokea fungu lote, hivyo programu kama Tvheadend inaweza kurekodi chaneli tatu za bure za fungu hilo kwa wakati mmoja, au kuzituma vyumba tofauti kupitia mtandao wa ndani. Hosteli moja ya Moshi niliifungia kadi moja na ruta: sebuleni wanatazama habari, jikoni wanatazama ibada, na hakuna aliyenunua king'amuzi cha pili. Sharti ni moja, chaneli hizo ziwe za transponda moja. Mkitaka transponda mbili, mnahitaji kadi yenye tyuna mbili, yaani sehemu mbili za kushikia mawimbi.

Chaneli ya kawaida ya Mbps 4 inakula karibu GB 1.8 kwa saa, kwa hiyo diski iwe kubwa. King'amuzi chenye USB nacho kinarekodi, ila flashi ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32 hakuna faili linalozidi GB 4.

Hatua ya 6: Kufunga kadi bila kuiunguza

Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Menya waya wa dishi, kisha uinue kwenye mwanga uutazame mwisho wake kwa karibu. Unywele mmoja tu wa ule wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, volti 18 zinapata njia ya mkato na sehemu inayolisha LNB inaungua. Shaba itokeze milimita mbili hivi nje ya konekta. Kaza kwa vidole, usitumie koleo.

Na radi. Masika moja ilipiga jirani na karakana yangu, wala haikugusa dishi. Asubuhi kompyuta ilikuwa kimya. Nilipoifungua nikakuta doa jeusi pembeni ya tundu la waya, kadi imekufa na mazabodi pia. Faili za miaka minne za wateja zilikuwa humo. King'amuzi kikipigwa unapoteza king'amuzi. Kadi ikipigwa inaweza kuondoka na kompyuta nzima. Tangu hapo sifungi kadi kwa mtu bila kuweka waya wa ardhini kwenye nguzo ya dishi, na mawingu yakijikusanya Meru nachomoa.

Hatua ya 7: Kutafuta mawimbi

Kwenye programu ya kutazamia, ingiza masafa, polarasheni (mkao wa wimbi, wima au mlalo) na kiwango cha simboli (kasi ya data, "symbol rate") cha chaneli moja unayoijua, kisha sogeza dishi taratibu. Kuna vipimo viwili kwenye skrini. Kile cha nguvu kinapanda hata dishi likitazama ukuta, kwa sababu kinasoma LNB. Fuata kile cha ubora. Kikitulia, zungusha LNB kidogo kushoto na kulia mpaka kiongezeke zaidi, ndipo ukaze nati. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kama kitanzi ukutani ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye kompyuta.