Kutembelea magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miguu

Usianzie bandarini. Anzia ofisi inayosimamia magofu, Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, ikiwezekana siku moja kabla: kibali na mwongozaji vyote hupatikana huko.

Nauli ya chombo patana kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kukungoja. Mlango wa bahari ni kama kilomita 2 tu, lakini ngalawa ya tanga hutegemea upepo. Ulizia pia maji ya bahari, kujaa na kupwa. Yakipwa, chombo hakifiki ufukweni, nawe utamalizia kwa miguu kwenye tope. Ndala hunasa, afadhali sandali za mikanda.

Gereza (ngome ya zamani), Msikiti Mkuu na Makutani (magofu ya jumba la kifalme) viko upande mmoja. Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye birika la pembe nane, iko mbali kidogo, juu ya jabali upande wa mashariki, na wengi huiruka kwa kuchoka. Mwombe mwongozaji muanze nayo kabla jua halijakaza. Beba maji lita 2 kila mtu.

Msikitini inua macho utazame kuba, ila usipande wala kuegemea ukuta: mawe ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa, na chokaa kuukuu humeguka. Kisiwani wanaishi watu. Funika mabega na magoti, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.