Namna ya kuijua miti wenyeji na wageni, kutoka Longuza hadi Amani

Miaka michache iliyopita nilinunua miche 12 kwenye kitalu kimoja, nikaambiwa ni miti ya asili. Niliipanda nyuma ya nyumba yangu Muheza, nikaimwagilia kiangazi kizima. Misimu miwili ya mvua haikupita, yote ikawa imenizidi kimo. Siku moja fundi wa mbao jirani yangu akashika jani, akaligeuzageuza, akasema: "Mwalimu, hii ni musizi yote."

Musizi, kitaalamu Maesopsis eminii, ni mti wa asili kweli, lakini wa misitu ya kule Ziwa Victoria, Bukoba na Uganda. Kwenye milima yetu ya Usambara Mashariki uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, na leo umejaa kila penye uwazi ulioachwa na wakata mbao. Kwa hiyo ukiingia msituni uliza kama mti ni wa mlima huo, maana mipaka ya nchi haitakusaidia.

Barabara ya Muheza kwenda Amani ni darasa zuri. Anzia chini, kwenye shamba la mitiki la Longuza. Mitiki ni wageni kutoka Asia, na hapo hakuna wa kukudanganya: imepandwa kwa mistari, na majani yake ni mapana yanayokwaruza. Okota jani changa lililoanguka, lisugue kiganjani kwa nguvu. Kiganja kitabaki na rangi nyekundu kama umeshika damu. Wanafunzi wangu hawajawahi kuusahau mtiki baada ya hapo.

Ukifika Sigi, pale reli ndogo ya Wajerumani ilipoishia, uanze kwenda polepole. Usikate gome wala kuvunja tawi; hii ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Vilivyoanguka chini vinatosha kabisa. Tazama chini kwanza, juu baadaye, kwa sababu vilele vya miti mirefu vyote vinafanana ukiwa umeinua shingo.

Musizi utaujua kwa jani na tunda. Jani linang'aa upande wa juu, ukingo wake una meno kama ya msumeno mdogo, na majani yamekaa kwenye kijitawi karibu yakabiliane, lakini si sawasawa. Tunda ni dogo, huanza kijani, likawa njano, kisha zambarau iliyokaribia weusi, na ndani kuna kokwa moja ngumu. Hondohondo wanalipenda mno, na ndio wanaozisambaza mbegu kila mahali. Ukiona miche mingi ya namna moja imejazana pale mti mkubwa ulipoanguka na jua likaingia, chuchumaa uangalie meno ya majani. Mara nyingi jibu ni hilo.

Sasa wenyeji. Ninaoupenda kuliko yote ni msambu, Allanblackia stuhlmannii, ambao kwa asili haupo nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Majani yake ni magumu na hukabiliana mawili mawili, ukivunja moja unaona utomvu wa manjano. Lakini alama kuu ni tunda: limening'inia kwa kikonyo, kahawia, refu kupita kichwa cha mtu, zito kiasi kwamba likianguka unasikia kishindo. Pasua lililooza uone mbegu zilivyopangana ndani ya ute. Mbegu hizo zina mafuta yanayoganda, na wanakijiji wamezikusanya na kuziuza kwa miaka mingi.

Mtambara nao usiupite. Ni mnyoofu, mrefu sana, ndugu wa kungumanga. Tafuta shina lenye jeraha la zamani, utaona utomvu mwekundu uliokauka. Jina lake la kitaalamu, Cephalosphaera usambarensis, limebeba jina la milima hii, na jenasi yake nzima ina spishi hiyo moja tu.

Mvule huwapotosha wengi. Utomvu wake ni mweupe, lakini hata mikuyu inatoa maziwa, basi usiamue kwa hilo peke yake. Geuza jani uone mishipa iliyochomoza upande wa chini kama wavu. Tena mche wa mvule una meno kwenye jani na vinyweleo, wakati jani la mti mzima halina meno. Hapa ndipo watu hung'oa mvule mchanga wakidhani ni musizi. Papasa jani kabla hujavuta: la musizi ni laini na linateleza.

Ukishafika Amani kwenyewe, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, wageni ni wengi kuliko utakavyoweza kushika kwa siku moja. Tumia pua. Ponda jani la mkafuri, halafu la mdalasini lenye mishipa mitatu mikubwa toka kwenye kikonyo.

Ile miche yangu 12 niliing'oa baada ya mvua ya masika, udongo ukiwa laini, kabla haijazaa. Mahali pake nimefukia mbegu za msambu. Huchukua miezi mingi kuota, nami kila asubuhi napita kuangalia. Wiki iliyopita mche mmoja umetoa majani mawili, yanakabiliana sawasawa.