Somo: Kutafuta birika la filimbi Kisumu na kulijaribu kabla ya kutoa pesa

Birika linalolia maji yakichemka bado lipo, ila ukiuliza "birika" tu utaonyeshwa la stima, au buli la kumiminia chai mezani. Mwambie muuzaji: "Nataka birika la jikoni, la gesi, lile la kupiga filimbi."

Hatua ya 1: Pa kutafuta. Mapya yako supamaketi na kwenye maduka ya vyombo katikati ya mji, kwa mfano Oginga Odinga Street. Wa Nakuru, anzeni na maduka ya vyombo ya jumla. Yaliyotumika yatafute Kibuye siku ya Jumapili, soko linapofurika. La zamani lenye chuma kizito, hata kama limefifia, ni bora kuliko jipya la bati linalobonyea ukilishika.

Hatua ya 2: Ijue filimbi. Kuna filimbi iliyofungwa mdomoni mwa birika na kufunguliwa kwa kifyatuo cha kishikioni, na kuna kofia ndogo inayovalishwa mdomo na kuvuliwa kwa mkono. Kofia ni rahisi kuosha na kubadilisha, ila hupotea. Kifyatuo kina springi, na springi huchoka.

Ndani mna visahani viwili vya chuma vilivyoachana kidogo, kila kimoja kina tundu katikati. Mvuke hupenya tundu la kwanza kwa kasi, ukafika la pili na kujikunja kuwa vizingia vidogo, yaani mizunguko ya mvuke. Mtikisiko huo ndio sauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza jambo hili kwa kina mwaka 2013. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba matundu mawili lazima yatazamane na yawe na ukingo safi. Aliyelipanua tundu kwa msumari "ili lilie zaidi" ameiua filimbi.

Hatua ya 3: Majaribio ya dukani. Hapa usione haya, hata muuzaji akinuna. Nenda na chupa ya maji ya nusu lita, kitambaa na gazeti.

Pangusa filimbi, ipulize kwa nguvu. Isipotoa hata mlio mwembamba, rudisha birika.

Funga mfuniko, uushike na kuuchezesha. Ukicheza, mvuke utatokea hapo na filimbi haitapata kitu. Mabirika mengi "yasiyolia" hayana kasoro nyingine ila hii, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mfuniko utakaza wenyewe ukizoea.

Mimina maji ndani, kausha nje, weka birika juu ya gazeti dakika 5. Tazama mshono wa mdomo na ukingo wa kitako. Kwa lililotumika, fanya hivyo hata kama muuzaji anaapa. Kisha liweke juu ya kaunta ya kioo ulibonyeze pembeni. Likiyumba, litayumba pia kwenye jiko, likiwa na lita 2 za maji moto.

Sumaku ni ya mwenye jiko la induksheni pekee: ikinata kitakoni, litafanya kazi.

Hatua ya 4: Lilinganishe na jiko. Kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu, moto usipite ukingo wa kitako. Ukipita, kishikio cha plastiki kitaanza kunuka na kulegea. Jiko la makaa hupandisha joto ubavuni, hivyo chagua kishikio cha chuma au mbao, na uwe na kitambaa. Mafiga matatu hapana: masizi huziba filimbi.

Hatua ya 5: Matumizi. Chemsha maji mara mbili uyamwage kabla ya kunywa chochote. Birika la lita 3 litie lita 2 na robo hivi. Maji yasifikie tundu la ndani la mdomo, la sivyo yatatemwa nje kupitia filimbi.

Kama ni maji ya kunywa, usiliondoe kwa mlio wa kwanza. Yaache yatokote dakika 1 kamili. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru ni karibu 94. Walio juu ya mita 2,000, kama Eldoret na Molo, wayape dakika 3.

Maswali ya wanachama (kila swali lina jina la mahali anapokaa mwulizaji)

*Kondele:* Mvuke unatoka tele lakini halilii. Nimeuziwa bovu?

*Jibu:* Si lazima. Sogeza kijiko baridi karibu na ukingo wa mfuniko (mkono uwe mbali). Kikilowa, mvuke unavujia hapo. Kisipolowa, punguza maji ujaribu tena. Ikishindikana, loweka filimbi kwenye siki nusu saa, uisugue kwa mswaki wa zamani.

*Kakamega:* Naweza kupikia chai ya maziwa humo moja kwa moja?

*Jibu:* Hapana, mama. Maziwa hupanda, povu huingia kwenye filimbi na kukauka, na kitako hushika ukoko usioufikia kwa mkono. Chai ya maziwa ina sufuria yake. Birika ni la maji: turungi, maji ya uji, ya kujaza thamosi.

*Nakuru:* Maji ya kisima yameacha utando mweupe. Na je, kuchemsha kunaondoa floridi?

*Jibu:* Utando: siki kikombe 1 kwa maji vikombe 2, chemsha bila filimbi, zima, acha nusu saa, suuza. La alumini lipe dakika 10 tu, maana siki huila. Floridi haiondoki, maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Tumia maji ya mvua au chujio la mkaa wa mifupa.

*Ahero:* Mdomo unavuja kwenye mshono. Fundi wa jua kali aniungie kwa risasi?

*Jibu:* Usikubali, ndugu. Risasi ni sumu na itaingia kwenye maji ya kunywa. Kama fundi hana njia nyingine, hilo libaki la maji ya kuoga.

*Milimani:* La stima si nafuu zaidi?

*Jibu:* Lita 2 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka hula gesi gramu 25 hadi 30 hivi, moto ukiwa umelingana na kitako. La stima hutumia karibu uniti 0.2. Piga hesabu kwa bei yako ya mtungi na ya tokeni, halafu kumbuka siku ambazo stima hupotea.