Mambo ya Kuzingatia Kabla Wi-Fi Haijagoma Kwenye Linux

Wi-Fi ikigoma kwenye Linux, dawa yake mara nyingi iko kwenye intaneti, na huko ndiko usikoweza kufika wakati huo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa mapema, mtandao ukiwa bado unashika.

Kwanza ijue kadi yako ya Wi-Fi. Jina la kompyuta halitoshi, kwa kuwa modeli moja huweza kutoka kiwandani ikiwa na kadi tofauti tofauti. Kwenye terminali endesha amri `lspci -nnk`, au `lsusb` ikiwa kadi ni ya kuchomeka, kisha nakili namba kama 8086:2723 pamoja na jina la draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kadi) likionyeshwa. Nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji (8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek), ya pili hukitaja kifaa chenyewe. Ziweke kwenye simu, maana ndiyo utakayotumia kutafuta msaada.

Linalofuata ni femuwea, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, na hapa ndipo wengi hukwama. Kadi nyingi hazibebi programu yao. Kerneli, kiini cha mfumo, huisoma kutoka `/lib/firmware` na kuipakia kwenye kadi. Faili likikosekana, `lspci` itaiona kadi vizuri tu, lakini `ip link` mara nyingi haitaonyesha jina la Wi-Fi, si wlan0 wala linaloanza na wlp. `dmesg | grep -i firmware`, inayosoma ujumbe wa kerneli, kwa kawaida hulitaja faili lenyewe kwa jina. Ukipanga kusakinisha mfumo upya, weka femuwea ya kadi yako kwenye flashi kwanza. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilianza kuweka femuwea zisizo huria ndani ya kisakinishi chake rasmi kwenye toleo la 12, mwaka 2023. OpenBSD, ambayo si Linux bali ni mfumo wa jamii ya Unix, ina `fw_update`, ambayo kwa kawaida huzipakua mtandaoni, kwa hiyo nayo itakudai njia nyingine ya kuunganika.

Njia hiyo ni simu ya Android na kebo ya USB. Washa kushiriki mtandao kwa USB, na kompyuta itaiona simu kama kadi ya waya: usb0 au jina linaloanza na en kwenye Linux, ue0 kwenye FreeBSD, ndugu wa OpenBSD. Ijaribu leo. Kuna kebo zinazochaji tu bila kupitisha data, na siku ya tatizo si siku ya kuligundua hilo.

Draiva zinazojengwa kwa DKMS, zana inayozijenga upya kila kerneli inapobadilika, kama wl ya Broadcom, zinahitaji tahadhari zaidi. Kerneli ikisasishwa bila kifurushi chake cha linux-headers, draiva haijengwi, na kompyuta ikiwashwa upya Wi-Fi haipo. Usiwe mwepesi wa kufuta kerneli ya zamani. Ukiichagua kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka, mara nyingi unarudi hewani papo hapo.

Hakikisha pia NetworkManager na dhcpcd, programu mbili za kusimamia mtandao, hazigombei kadi moja.

Siku yenyewe ikifika, anza na `rfkill list`, inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa. Soft blocked, yaani imezimwa na programu, huondolewa kwa `rfkill unblock wifi`. Hard blocked mara nyingi ni swichi ya pembeni au kitufe, hakuna amri itakayokusaidia. Kadi ikishaunganika na bado kurasa hazifunguki, jaribu `ping 1.1.1.1`, kisha ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina likakataa, Wi-Fi haina kosa: kaangalie DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, ukianzia `/etc/resolv.conf`.