Shimo la moramu kabla ya vuli: kuelekeza maji na kurudisha ardhi

Mwongozo huu ni wa anayechimba moramu, kokoto au mchanga kwenye miinuko ya Mwanza, kuanzia Buhongwa na Usagara hadi Kisesa na Magu, kwa katapila la kukodi au kwa sururu. Kwa dhahabu yenye mawe ya salfaidi (madini yenye salfa), haya hayatoshi. Mawe hayo yakikutana na hewa na mvua hutoa tindikali, kwa hiyo tafuta mtaalamu.

Wengi huanza kwa kuchimba bwawa la kunasa tope. Mimi naona huko ni kuanzia mkiani. Kwanza zuia maji ya nje yasiingie shimoni, maana kila lita unayoizuia huko juu hutaisafisha huku chini. Kazi zote za udongo zimalizike Agosti na Septemba, kabla vuli haijafungua Oktoba.

Hatua ya 1: Panda juu ya shimo

Tembea mlima wote uone maji yanakotoka. Kwetu jambo kubwa ni majabali. Jabali ni kama paa la bati: karibu mvua yote inayolipiga huteremka, tena kwa kasi. Kwa hiyo shimo dogo chini ya jabali kubwa linahitaji mtaro mkubwa. Shuka pia upande wa chini ujue maji yataishia wapi: shamba la jirani, barabara, korongo linaloingia Mto Mirongo, au ziwani moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Usijaribu kubishana na kipimo hicho.

Hatua ya 2: Mtaro wa kukinga

Huhitaji mpima ardhi. Tengeneza fremu ya herufi A: miti miwili ya mita 2 na kidogo, mmoja wa kuikingama katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Miguu iachane mita 2. Isimamishe kwenye mambo (vigingi) mbili, weka alama uzi unapokatiza mti wa kukingama, kisha igeuze miguu ibadilishane nafasi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa.

Sasa funga kibao cha unene wa sentimita 1 chini ya mguu mmoja. Mguu huo ndio utangulie kule maji yanakokwenda. Uzi ukitulia kwenye alama ya usawa, umeshuka sentimita 1 kwa mita 2, yaani 1 kwa 200. Mteremko huo unasukuma maji bila kuchimbua sakafu ya mtaro. Piga mambo kila hatua, kisha chimba mita kadhaa juu ya ukingo wa shimo. Udongo utupe upande wa chini ujenge tuta. Wakulima wa matuta wanaujua mtindo huu kwa jina la fanya chini.

Sehemu yenye mteremko mkali, panga vizuizi vya mawe ndani ya mtaro, katikati pawe chini kuliko pembeni. Ukipanga pakiwa sawa, maji yatazunguka pembeni na kula ukuta. Mwisho wa mtaro uwe kwenye mwamba au nyasi nzito, kamwe usiwe kwenye shamba la mtu.

Hatua ya 3: Bwawa la tope

Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10. Shimo la nusu hekta likipata mvua ya milimita 50 linapokea mita za ujazo 250. Tuseme asilimia 70 inatiririka: ni 175. Bwawa la mita 24 kwa 8, kina 1.5, kingo zake zikilazwa nyuzi 45, linabeba takribani 220. Hiyo ziada ni nafasi ya tope.

Maji yaingie ncha moja ya urefu na kutokea ncha ya pili, vinginevyo yatapita njia ya mkato. Toka ya maji, yaani utoro, ipangwe mawe, kisha maji yatambae kwenye ukanda wa nyasi. Mchanga huzama haraka, lakini mfinyanzi mwekundu unaweza kuelea siku nyingi, na ndio unaofika ziwani ukiwa na rutuba inayolisha magugu maji. Chota maji ya utoroni kwenye chupa angavu: usipoona kidole chako upande wa pili, ongeza bwawa la pili. Tope likifika theluthi ya kina, lizoe.

Hatua ya 4: Udongo wa juu

Hii ilipaswa kufanyika kabla ya lori la kwanza. Kwangua sentimita 15 hadi 30 za juu, uziweke kando, mbali na mtaro, lundo lisizidi mita 2 maana likirefuka ndani hukosa hewa na mbegu hufa. Ukiona mtu anauza udongo huo kwa wapanda bustani, anauza mtaji wa kufunga shimo lake.

Hatua ya 5: Kulaza, kutifua, kupanda

Usingoje shimo liishe. Upande uliokwisha kuchimbwa uufunge huku unaendelea mbele. Laza ukuta: kila mita 1 ya kushuka, mita 3 za kwenda mbele. Sakafu iliyokanyagwa na malori itifuliwe sentimita 30 hadi 50 kukata mteremko, kisha rudisha udongo wa juu bila kuushindilia. Nyasi zitangulie: ukoka kila mahali, na safu za vetiva zikifuata usawa wa fremu yako. Miti ifuate vuli ikishakolea. Napendelea migunga ya asili. Mlusina hukua upesi na kurutubisha udongo, lakini husambaa ovyo. Mjohoro hutoa kuni nzuri, ila usitegemee uongeze naitrojeni.

Mifugo ndiyo itakayokushinda. Zungushia minyaa (utomvu usiingie machoni), na kaa na mwenyekiti wa kitongoji mkubaliane eneo lifungwe kama ngitili, yaani malisho yaliyotengwa yasiingiliwe na mifugo.

Wananchi wakiomba shimo libaki lambo, ridhia kwa masharti: upande mmoja ulazwe taratibu kwa ng'ombe, kuta wima zote ziondolewe, na watoto wasiogelee. Wanazama, na kichocho kipo.

Bwawa la tope lifukiwe mwisho, nyasi zikishafunika mteremko wote na chupa ikitoka safi msimu mzima.