Kushuka kilima na lori la mchanga, Pemba

Nimeendesha lori la tani saba miaka 22: mchanga na mawe siku nyingi, saruji meli zinapotia Mkoani. Utingo wangu sasa ameshika usukani wake mwenyewe. Haya ndiyo niliyomfunza, nayaandika kwa kila kijana anayeanza.

Izunguke gari kabla ya kuiwasha. Gonga matairi, hasa yale ya ndani kwa nyuma, kwani yakipungua upepo huyaoni. Kaza nati. Funga turubai hata kama unaishia Machomane tu. Kokoto moja ikimpata mwenye bodaboda usoni, umemwangusha. Kama breki zako ni za upepo, ngoja mtungi ujae. King'ora kikiwa bado kinalia, usiondoke.

Angalia na mchanga wenyewe. Ulionyeshewa usiku ni mzito kuliko wa jana, ingawa bodi imejaa vilevile. Mimi nikipakia mbichi huacha shubiri nzima chini ya ubao. Mwenye mzigo hunung'unika, nami simsikilizi.

Mwendo: sheria ya Bara inasema 50 kwa saa kwenye makazi, na gari inayozidi kilo 3,500 isipite 80 nje ya makazi. Huku kwetu fuata kibao kilicho mbele yako, na chini ya kibao hicho jipangie mwendo kwa mzigo wako. Ukienda 50, kila sekunde gari inakula karibu mita 14. Ukienda 30, ni mita 8 tu. Na mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama tangu breki zishike huwa mara nne. Kwenye skuli na vyuo sizidi 30, na alasiri hupunguza zaidi, kwa sababu watoto wakifunguliwa chuoni hutoka mbio, juzuu mkononi, na hawatazami njia.

Kilima ndicho kinachoua. Chagua gia ukiwa bado juu, gari haijaanza kuvutwa, na iwe ile ambayo ungepandia kilima hicho hicho na mzigo huo huo. Iachie injini izuie. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu mpaka gari ipungue, kisha achia kabisa zipoe. Ukizibana kidogo kidogo njia nzima zitaungua, na utasikia harufu yake kabla hujakosa breki. Ukizipiga piga, unamaliza upepo.

Na usitoe gia kuokoa dizeli. Mimi niliwahi. Tajiri wangu wa wakati huo alikuwa akipima mafuta kwa kijiti, nikaiachia gari ishuke bure na mchanga mbichi. Katikati ya kilima pedali ikawa haina kitu, gia zikakataa kuingia, nikaipeleka kwenye migomba ya watu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini kwenye njia ile kulikuwa na kinamama wawili wenye kuni kichwani, na mpaka leo nikipita pale nawaona.

Msimu wa karafuu una hatari yake. Majamvi huanikwa pembezoni mwa lami, na wingu likitanda wenyewe hutoka ndani mbio kuanua, macho chini. Matone ya mwanzo nayo huchanganyika na vumbi na mafuta, lami ikateleza. Basi ukiona wingu, punguza kabla halijamwaga. Usiku tazamia gari ya ng'ombe isiyo na taa; ukipishana na mwenye taa kali, shusha zako na upunguze mpaka uone njia tena.

Ukiharibikiwa kilimani, kabari matairi ya nyuma kwa mawe, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na mtume utingo juu ya kona akapungie watu. Gari ikipona, rudini mkayaokote mawe yale yote. Mwenye pikipiki atakayepita saa mbili usiku hayaoni.